Mchicha wa Kiwanja Kitupu

Kila Ijumaa Vicky alipotoka shule, hata kabla hajavua viatu, alikuta kikapu cha barua kimeshawekwa mezani. Mama yake, Médiatrice, alikuwa amekwisha kuzipanga barua za wiki nzima: ya shule, ya hospitali, ya umeme, ya mwenye nyumba. Chai ya maziwa ilikuwa ikifuka moshi pembeni. Bahizire, mdogo wake Vicky mwenye miaka miwili, alikuwa chini ya meza akifungua kamba za viatu vya dada yake.

"Bon, haya, tusomee makaratasi yetu," Mama alisema, kisha akakaa na kukunja mikono kama mtu aliye mbele ya daktari.

Mama Médiatrice alisoma hadi darasa la tano kule Kabare, Kongo, kisha vita vikaifunga shule. Kiswahili alikisoma bila taabu. Kiingereza cha kazini, pale ghalani alipofunga maboksi ya biskuti, kilimtosha. Lakini Kiingereza cha barua za serikali kilimshinda kabisa. Baba, Mzee Mushagalusa, alifanya kazi machinjioni, mbali bara, na alirudi nyumbani Ingleburn, pembeni mwa jiji la Sydney, mara moja kwa mwezi. Basi Vicky, pamoja na miaka yake kumi na miwili, ndiye aliyekuwa macho ya nyumba.

Wala si nyumba yao peke yake. Wanawake wa kanisani nao walimletea barua zao. Walimwita mwanasheria, walimpa mandazi, walimsifu mbele ya watoto wao. "Angalia mwenzako Vicky! Anasoma kama redio!" Na Vicky, kichwa kikavimba kidogo kidogo. Alipokutana na neno gumu hakusema kwamba halijui. Aliliruka, kama mtu anavyoruka dimbwi la maji njiani, kisha akaendelea na safari. Mpaka wakati huo, hakuna aliyekuwa ameumia.

Sasa, nyuma ya maghala ya Ingleburn, kati ya karakana ya matairi na reli, palikuwa na kiwanja kitupu. Uzio wake wa waya ulikuwa umelala upande mmoja, na majani yalimfika mtu mzima kiunoni. Mama alipita hapo akienda kazini kwa miaka miwili, na kila alipopita alisikitika. Ardhi nzuri namna ile, imelala tu, hakuna hata anayechungia mbuzi! Kwao Kabare, kiwanja kikilala, unamwendea jirani. Unapanda mistari michache, mavuno ya kwanza unampelekea yeye. Akiyapokea, basi amekuruhusu. Akiyakataa, unang'oa na kuondoka bila ugomvi.

Mama akafanya vile vile. Alipanda lenga-lenga mistari mitatu, ile mboga ambayo Watanzania huiita mchicha na Wakenya wengine terere. Ilipokua alifunga fungu zuri, akamshika Vicky mkono, akampelekea mzee mmoja aliyeendesha mashine ya kunyanyulia mizigo katika ghala la jirani. Mzee yule alicheka, akanusa majani, akayapokea kwa mikono miwili.

"Umeona?" Mama alisema walipokuwa wakirudi, uso wote umemnawiri. "Amepokea. Tumepata shamba."

Tangu siku hiyo Mama alibadilika. Yeye ambaye zamani alikaa dirishani Jumamosi nzima akitazama magari ya watu, sasa aliamka akiimba. Wanawake wanne wa kanisani walijiunga naye. Walipanda maboga kwa ajili ya majani, walipanda maharage, walisimuliana habari za nyumbani, na treni za Campbelltown zilipopita waliwapungia abiria majembe. Bahizire alikaa kwenye mtaro akijipikia chakula cha udongo kwenye kopo.

Jumamosi moja ya mwezi wa kumi walikuta ubao mweupe umefungwa kwenye uzio. Ulikuwa na nembo ya halmashauri juu, na chini yake maandishi madogo madogo, aya mbili nzito.

"Vicky! Njoo utusomee!" Mama aliita.

Vicky alisogea. Jua lilikuwa kali na wanawake walimzunguka nusu duara. Mstari wa kwanza aliuelewa: ardhi hii ni ya matumizi ya viwanda. Baada ya hapo maneno yalianza kurefuka. Alisoma sentensi moja mara mbili, isimwingie. Akaijaribu ya pili. Kulikuwa na neno refu limeandikwa kwa wino mzito, na hilo hakuwahi kuliona popote.

"Ona macho yanavyokimbia," mwanamke mmoja alinong'ona. "Huyu mtoto ana akili ya profesa."

Masikio ya Vicky yalipata moto. Angesema nini? Kwamba profesa ameshindwa?

"Wanasema hapa ni mahali pa viwanda," alisema. "Siku moja watakuja kujenga."

"Na sisi je?" Mama aliuliza haraka. "Wamesema tutoke?"

Vicky aliutazama tena ubao. Neno la kutoka hakuliona. "Hapana. Mpaka waje kujenga, hakuna shida."

"Wameandika hivyo? Hakuna shida?"

"Ndiyo, Mama."

Vigelegele vikapigwa. Mama akamkumbatia kwa mikono yenye udongo, na majembe yakarudi kazini. Kwenye mtaro, Bahizire alikuwa amejaza ngumi yake udongo mweusi, anauramba taratibu kama asali. Vicky alimfuta mdomo kwa kanga na kumkalisha kivulini.

Jumatatu, katika somo la jiografia, mwalimu aligawa ramani za Ingleburn zenye rangi rangi. Vicky alikaa na Gitau, mvulana wa Kikenya ambaye mama yake, Nkatha, ni muuguzi katika hospitali ya Liverpool, hapo hapo Sydney. Mwalimu aliwaambia kwamba mji haujengwi ovyo: pinki ni mahali pa kuishi, kijani ni mahali pa kupumzika, zambarau ni viwanda. Kila kundi lichague kiwanja kimoja, litafute kwenye kompyuta kilitumiwa kwa shughuli gani zamani.

"Tuchague ile shamba yenu," Gitau alisema, kidole tayari juu ya zambarau. "Iko hapa karibu na reli, si ndiyo?"

"Chagua kingine," Vicky alisema.

"Kwani unaogopa nitawaibia mboga?" Gitau alicheka, akaandika jina la barabara. Ukurasa wa halmashauri ukafunguka. Gitau akaanza kusoma, mwanzo kwa mzaha, kwa sauti ya mtangazaji. Kisha mzaha ukakauka. "Weh. Vicky. Hapa kulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri za magari. Miaka thelathini."

Vicky aliinama kutazama. Sentensi zile zile. Zilikuwa zile za kwenye ubao, neno kwa neno, na katikati lile neno refu lenye wino mzito.

Gitau hakuona haya hata chembe. Aliinua mkono juu. "Mwalimu, hii neno ni nini? Mimi siijui."

Mwalimu alikuja, akasoma begani kwao. Akaeleza polepole kwamba maana yake ni udongo ulioingiwa na sumu. Betri za magari zina madini ya risasi. Yakimwagika huingia ardhini na hayatoki, hata mvua inyeshe miaka mia. Mtu hawezi kuyaona wala kuyanusa. Vumbi lake hukaa juu ya majani ya mboga, hushika mikononi. Mtoto mdogo akiyala humwumiza tumbo na kumharibu ubongo unaokua. "Ndiyo maana wamekataza kuchimba wala kulima hapo," mwalimu alisema, akaenda meza nyingine.

Gitau alimgeukia. "Si mlisema kuna ubao umewekwa? Uliusoma aje?"

Vicky aliufunga ukurasa wa kompyuta.

"Vicky, Bahizire hula mchanga. Nimemwona mimi na macho yangu."

"Nitamwambia Mama leo," Vicky alisema. "Wewe nyamaza tu."

Alidhamiria kweli. Njia nzima alijipangia maneno. Lakini alipofungua mlango, nyumba ilikuwa inanukia lenga-lenga na kitunguu, Mama anaimba, na mwanamke mmoja wa kanisani amekaa na barua yake mkononi. "Aa, mwanasheria wetu amefika!" Maneno ya Vicky yakarudi tumboni. Akaisoma barua ile, na ugali ukapakuliwa.

"Sina njaa," Vicky alisema.

"Mtoto asiyekuwa na njaa ni mgonjwa. Kula."

Bahizire alikuwa amekwisha kutia mkono kwenye bakuli lake. Vicky alinyoosha kiwiko kana kwamba anachukua maji, akalipiga bakuli likaanguka. Mboga zikatapakaa sakafuni.

"Wee Vicky! Chakula unakimwaga?" Mama aliruka. "Unajua watu wanalala bila hata hiki?"

"Imeniponyoka."

Mama akapakua lingine. Bahizire akala. Vicky alihesabu matonge yake, moja, mbili, tatu, hadi akashindwa kutazama.

Jumanne Bahizire alilia tumbo. Jumatano hakwenda chooni, wala Alhamisi. Alikuwa mkali, anang'ata, anatupa vitu, yeye ambaye kwa kawaida alicheka na kila mtu hata kwenye treni. Mama alimsugua mgongo na mafuta. "Ni meno ya nyuma," alisema. "Yakitoka atatulia." Kisha akamponda-pondea mboga laini zaidi, ili zimsaidie.

Watoto mnaosoma hapa, msiulize kwa nini Vicky hakusema. Alijua kwamba kila siku inayopita inafanya jambo liwe baya zaidi, na kwa sababu lilikuwa baya zaidi, ndivyo alivyozidi kuogopa kulisema. Akisema leo, Mama atauliza: ulijua tangu lini? Na lile jibu ndilo aliloliogopa.

Ijumaa Gitau alimsubiri kwenye lango la shule. "Umesema?"

Vicky alijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake anapotaka kukwepa, kwamba bado anatafuta wakati mzuri.

"Wakati mzuri gani? Jumapili ni ile sherehe ya Mama Coletha. Mamangu amesema ninyi ndio mnaleta mboga, watu sitini. Na Mama Coletha ana mimba!" Gitau alikuwa karibu kulia. "Sikiza. Nakupa mpaka Jumapili. Usiposema, nasema mimi. Na uniite mchongezi, sijali."

Jumamosi Vicky alijifanya mgonjwa. Alijikunja kitandani, akaomba Mama abaki naye. Alidhani Mama asipokwenda shambani, mboga hazitavunwa, sherehe itapita, naye atapata siku nyingine ya kufikiri. Mama alimpima joto kwa kiganja, akamwekea maji karibu, akamwachia Bahizire na kwenda shambani. Saa sita mchana alirudi akivuta kigari cha sokoni, magunia matatu ya lenga-lenga yamefungwa juu yake, mabichi, yanang'aa.

"Pona haraka," alisema akicheka na kuhema. "Kesho tunamwongezea Coletha damu."

Coletha alikuwa Mtanzania, mke wa mwanafunzi wa chuo, na mimba yake ilikuwa ya miezi saba. Hakuwa na mama wala dada Sydney. Kwa hiyo wanawake wa kanisani waliamua kumfanyia wao kile ambacho mama yake angemfanyia: wampikie, wamwimbie, wamlishe. Tangu mwezi uliopita Mama Médiatrice alikuwa akimpelekea fungu la mboga kila wiki, maana kila mmoja wao alijua kwamba mjamzito anahitaji majani.

Jumapili baada ya ibada ukumbi ulijaa. Palikuwa na wali, maharage, kuku, ndizi, na katikati ya meza sufuria mbili kubwa za lenga-lenga. Coletha alikalishwa kwenye kiti kilichopambwa kanga. Gitau alisimama ukutani karibu na mama yake, ambaye siku hiyo kwa bahati hakuwa na zamu. Alimtazama Vicky, akainua nyusi. Vicky akatazama chini.

Sala ilisomwa. Mama Médiatrice mwenyewe ndiye aliyepakua sahani ya kwanza, akaijaza mboga hadi pembeni, akaibeba kwa mikono miwili hadi kwa Coletha na kupiga goti.

"Kula, mwanangu. Ya kwanza ni yako na ya huyo aliye ndani."

"Jamani, Mama Vicky, mtanipasua mwaka huu!" Coletha alisema, na ukumbi ukaangua kicheko. Akachota kijiko, akakipuliza kwanza, maana kilikuwa cha moto.

"Usile!"

Vicky hakujua kwamba ni sauti yake mpaka alipoona watu wote wamemgeukia. Alikuwa amekwisha kufika kwenye kiti, ameshika mkono wa Coletha. Kijiko kilianguka na mboga zikachafua kanga.

"Huyu ameingiwa na nini?" mtu aliuliza.

"Vicky!" Mama alisimama. "Adabu yako iko wapi?"

"Mboga zina sumu, Mama. Udongo wa pale una sumu. Palikuwa na kiwanda cha betri. Ule ubao ndivyo unavyosema."

Watu waliokuwa karibu na meza walirudi nyuma. Mama alizungumza polepole sana.

"Ule ubao umesema hakuna shida. Wewe ulinisomea."

"Niliongopa. Sikuyaelewa yale maneno. Niliona haya kusema sijui." Machozi yalikuwa yanamdondoka hadi kwenye kola. "Nilijua maana yake Jumatatu, shuleni."

"Jumatatu," Mama alirudia. "Leo ni Jumapili."

Nyuma, mwanamke mmoja alicheka kwa uchungu. "Mwanasheria!" alisema. Neno lile, ambalo Vicky alilipenda kuliko mandazi, lilimchoma kama pasi.

Nkatha, mama yake Gitau, hakupoteza muda wa kumlaumu mtu. Alipita katikati ya watu, akafunika sufuria zote mbili. "Haya, hakuna anayegusa hizi. Coletha, umezila kwa muda gani? Mwezi? Sawa. Bahizire yuko wapi?" Alimbeba mtoto, akamgeuza viganja. Chini ya kila ukucha palikuwa na mstari mweusi wa udongo. "Anaumwa tumbo?"

"Siku sita," Mama alisema kwa sauti ambayo Vicky hakuwahi kuisikia. "Nilidhani ni meno."

"Tunaenda Liverpool. Sasa hivi. Chukueni makoti."

Hospitalini walisubiri kwa muda wa saa tatu. Coletha alikaa akishika tumbo kwa mikono yote miwili, midomo inasogea bila sauti. Bahizire alipotolewa damu alipiga kelele hadi sauti ikakauka, na wauguzi wawili walimshika miguu. Daktari alisema majibu yatatoka Jumatano. Hakusema mtoto atapona, wala hakusema hatapona.

Vicky alitarajia kupigwa, au kufokewa angalau. Mama hakumwambia neno. Alipika, akaosha, akamwogesha Bahizire mara tatu kwa siku akimsugua kucha kwa mswaki, na kila alipopita karibu na Vicky alipita kama anapita karibu na kabati. Kimya kile kilimwumiza Vicky kuliko fimbo.

Jumanne asubuhi Mama aliomba ruhusa kazini. "Vaa," alisema. "Twende kwa wenye ardhi."

Katika ofisi ya halmashauri, mama mmoja mwenye nywele nyeupe aliwakaribisha dirishani. Vicky, kwa mazoea, alifungua mdomo ili azungumze badala ya Mama. Mama alimwekea mkono begani, akamsukuma taratibu nyuma. Kisha kwa Kiingereza chake cha maboksi ya biskuti alisema, "Kiswahili. Mtu mzima. Tafadhali."

Afisa yule alielewa. Alibonyeza simu, akaiweka mezani, na baada ya dakika chache sauti ya mwanamume ikatoka ndani yake.

"Habari ya asubuhi, mama. Naitwa Adam, ni mkalimani. Huduma hii hulipii chochote."

"Shukrani, Bwana Adam," Mama alisema, akiinamia simu. "Nakuomba kitu kimoja. Niambie kila neno. Usiruke hata moja."

Vicky alitazama viatu vyake.

Afisa alitandaza ramani kubwa. Alionyesha zambarau ya viwanda, pinki ya nyumba, kijani ya mbuga, naye Adam akafuata, sentensi kwa sentensi. "Anasema, mama, ardhi haikugawanywa hivi ili kuwanyima watu. Kwenye viwanda kemikali zinamwagika, moshi unatua, malori yanapita. Ndiyo sababu shule na nyumba na bustani huwekwa mbali. Anasema kiwanda kikiondoka, udongo unabaki na kile ulichokinywa. Kile kiwanja hakikuachwa bure. Kinasubiri udongo wake uchimbwe na kupelekwa kwingine."

"Lakini nilimpa jirani mavuno, akapokea," Mama alisema. "Kwetu hiyo ni ruhusa."

Adam alieleza. Afisa alimtazama Mama kwa huruma, akajibu.

"Anasema yule mzee ni mfanyakazi tu wa ghala, hana amri hata juu ya jiwe la pale. Alidhani ni zawadi. Anasema pia, mama, kwamba bibi yake alitoka Italia, naye alilima nyanya kando ya reli mpaka akakatazwa. Kwa hiyo hakucheki. Ila hapa anayeulizwa ni ofisi, na unauliza kabla ya kupanda mbegu ya kwanza."

Mama alitikisa kichwa mara kadhaa. Aliuliza maswali mengi, mengine mara mbili. Walipotoka alikuwa amepewa fomu ya bustani ya jamii, iliyo upande wa kijani, ambako watu hupanda kwenye masanduku ya mbao yaliyojazwa udongo safi. Hakuifurahia siku hiyo. Aliikunja tu na kuitia mfukoni.

Jumatano simu ililia saa nne asubuhi. Vicky hakuwa ameenda shule. Mama alimtaka awepo. Mkalimani alikuwa kwenye laini tayari, na daktari akaanza na Coletha, kwa ruhusa yake mwenyewe. Damu yake ilikuwa salama. Kiasi kilichoonekana kilikuwa kidogo mno, na mtoto tumboni angefuatiliwa tu. Mama alishusha pumzi. Kisha ikaja zamu ya Bahizire.

Kiwango chake kilikuwa kimepita kile kinachoruhusiwa.

Mama alikaa chini, palepale sakafuni, simu sikioni. Daktari aliendelea, na mkalimani akaendelea naye, na Mama akawa anarudia kwa sauti ili asisahau. Hakikuwa kiwango cha kumpa dawa. Asiguse tena ule udongo. Viatu vyote vya shambani vitupwe, nyumba ipigwe deki kwa maji, isifagiliwe vumbi likaruka. Ale nyama, maharage na maziwa. Apimwe tena baada ya wiki nne, ijulikane kama sumu inashuka.

Wiki nne! Vicky aliziishi moja moja. Kila alfajiri alichovya kitambaa, akafuta sakafu na madirisha kabla Bahizire hajaamka. Barua za wanawake aliwarudishia mwenyewe, nyumba kwa nyumba, akaomba radhi kila mlango, naye akamwachia kila mmoja namba ya simu ya wakalimani, aliyoiandika kwa mkono wake. Wengine walimpokea. Yule aliyemcheka ukumbini alimfungia mlango, na siku ya pili Vicky akaenda tena hadi akafunguliwa. Nyuma ya maghala, watu waliovaa barakoa walikuja na kung'oa kila shina la lenga-lenga, wakalitia kwenye mifuko mieupe. Wanawake walitazama kutoka ng'ambo ya barabara. Hakuna aliyewapungia abiria wa treni.

Siku ya majibu ya kipimo cha pili walikwenda Liverpool wote watatu, na safari hii majibu yalitolewa ana kwa ana, Nkatha akiwa amesimama mlangoni na sare yake ya kazi. Kiwango kilikuwa kimeshuka karibu nusu. Daktari alisema kikiendelea hivyo, mtoto atakuwa salama, ila wampime tena na tena hadi mwaka uishe.

Mama alilia kwa mara ya kwanza. Alilia akicheka, akamrusha Bahizire juu, naye Bahizire akamng'ata sikio kwa furaha. Kisha akamgeukia Vicky, akamvuta kwenye benchi la korido.

"Keti hapa. Unafikiri nilikukasirikia kwa sababu hukujua lile neno?"

Vicky aliinamisha kichwa. "Sijui, Mama."

"Mimi nina miaka thelathini na sita na maneno nisiyoyajua yanajaza nyumba. Kutojua si kosa. Na mzigo ule nilikutwisha mimi, mtoto mdogo, na nilimwomba ruhusa mtu asiye na ardhi. Hilo ni langu, nimeliungama. Lakini wewe ulijua Jumatatu. Nilikuwa namponda-pondea mwanangu sumu kwa mikono hii, wewe umekaa mbele yangu unatazama." Alimweka Bahizire pajani. "Ukisema hujui, Vicky, tutamtafuta anayejua. Ukisema unajua na kumbe hujui, tutakufuata sote, kwa sababu tunakupenda, mpaka kwenye shimo."

"Nisamehe, Mama," Vicky alisema, kwa Kiswahili, kila neno mahali pake.

Mama alimpa Bahizire ambebe, akamfunga koti hadi shingoni, kisha akamshika Vicky mkono ule uliobaki, na hakuuachia mpaka walipofika kituo cha treni.